Mwanamke kwa kazi ya mazishi: vile unaanza huku Kisumu, na njia aliyofungua Henrietta Duterte

Madada wengi huniuliza kama hii kazi ya mazishi mwanamke anaiweza, na wakiniuliza wanapunguza sauti, manake huku kwetu ukisema unataka kuhudumia maiti mama mkwe atataka kujua ni pepo gani limekuingia, na wenzako wa chama wataanza kukusalimia kwa mbali. Jibu langu ni ndio, unaiweza, na nitaandika hapa vile mtu anaanza akiwa Kisumu, Siaya, Vihiga, Busia, Kakamega, kokote huku upande wetu. Lakini kabla tufike kwa laiseni na gari nataka umjue mama mmoja wa Marekani, juu ukishamjua utaelewa kazi yenyewe ni ya nini, na hutaingia ukifikiri ni biashara ya kuuza mbao.

Anaitwa Henrietta Bowers Duterte. Alizaliwa 1817 huko Philadelphia, kwa familia ya watu weusi waliokuwa huru wakati kule kusini mwa Marekani mtu mweusi bado anauzwa sokoni. Alikuwa fundi wa kushona. Mwaka wa 1852 akaolewa na Francis Duterte, mwanamume aliyekuwa anatengeneza majeneza na kuzika watu, wakapata watoto na watoto wakafa wakiwa wachanga, halafu 1858 bwana naye akafariki. Sasa hapo ndipo kila mtu alitarajia mjane auze vyombo ama amwachie mwanamume fulani aendeshe, na yeye akakataa, akabaki na hiyo biashara kwa jina lake, na mpaka leo anahesabiwa kuwa kati ya wanawake wa kwanza kabisa Marekani kuendesha nyumba ya mazishi.

Na kuna ile sehemu huwa nawaambia vijana wangu wa kazi mara kwa mara. Sheria ya Marekani ya 1850 ilisema ukisaidia mtumwa aliyetoroka unaweza kupigwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi 6. Huyu mama alikuwa anawaficha watu hao ndani ya majeneza, na wengine anawavalisha nguo za matanga anawatia katikati ya msafara wa mazishi, wanatembea polepole na waombolezaji wengine mbele ya macho ya watu waliokuwa wanawasaka, manake nani angethubutu kusimamisha mazishi aanze kufungua jeneza? Heshima ambayo watu wanaipa maiti, yeye aliigeuza ikawa kinga ya walio hai. Pesa aliyopata akasaidia nyumba ya kutunza wazee weusi wasiojiweza, na 1866, utumwa ukiwa umeisha mwaka mmoja tu, akasaidia kuandaa maonyesho ya kuchanga pesa kwa watu waliotoka utumwani kule Tennessee. Alifariki 1903.

Kwa hivyo ukiingia hii kazi ingia na hiyo akili, kwamba maiti unamhudumia siku chache, lakini mjane, watoto na kijiji chote utakuwa nao miaka.

Jifunze kabla ya kununua chochote

Usianze na gari. Najua gari ndilo linaonekana, lile jeupe refu na maua kwa boneti, lakini ukianza na mkopo wa gari utatafuta misiba kwa njaa na watu watakunusa. Anza na mochari. Tafuta kozi ya cheti ama diploma ya sayansi ya mochari, uliza kwanza kama chuo kinatambuliwa na serikali, na ukimaliza ama ukiwa bado unasoma omba attachment kwa hospitali kubwa, pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ama hospitali ya kaunti yako, ufanye kazi chini ya mhudumu ambaye ameshika mikono mingi. Kabla uguse mtu yeyote pata chanjo ya hepataitisi B, ni sindano tatu, usikubali kuambiwa ungoje. Glavu, aproni ya plastiki, gambuti, barakoa. Na fomalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, si maji, ile harufu inayochoma macho inaleta saratani kwa mtu anayeivuta miaka mingi, hilo limethibitishwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kwa hivyo chumba kisicho na madirisha ama feni ya kutoa hewa usifanye kazi ndani hata kama mshahara ni mzuri.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kwanza kabisa unasoma lebo, ile ya kwa mguu, halafu unasoma kitabu, halafu unasoma lebo tena, na unamwita mwenye familia athibitishe uso kabla hata ya kufungua begi la nguo. Hakuna haraka inayozidi hiyo, manake kumpa mtu maiti asiye wake ni kitu ambacho hakuna pole inaweza kukimaliza. Ukishathibitisha, andika vitu vyote alivyonavyo, pete, mkufu, saa, hata shanga, mbele ya jamaa wawili na wote waweke sahihi. Viungo vikiwa vimekaza unavikanda taratibu kuanzia bega, kiwiko, kidole kimoja kimoja, usivute. Nguo ikikataa kuingia unaikata mgongoni mstari mmoja na kuikunja chini yake, kwa mbele hakuna atakayejua. Nywele omba picha, na usichukue ya kitambulisho, chukua ile alicheka kwa harusi ya mtu, uone alikuwa anasuka vipi na anapaka nini kwa midomo. Mimi huongea na marehemu nikifanya, namwambia mama sasa nakugeuza, mzee tumefika kwa viatu, na wale ninaofundisha nawaambia wafanye hivyo hivyo, juu mkono wa mtu anayeongea huwa mpole.

Na hapa mwanamke ana nafasi ambayo wengi hawaioni. Familia nyingi zinataka mama yao aoshwe na mwanamke na wanaogopa kusema. Waislamu wenyewe ni lazima, mwanamke anaoshwa na wanawake ama na bwanake, hatiwi dawa, anavishwa sanda na anazikwa haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo. Wewe ukiwa na timu ya wanawake wawili watatu wanaojua kazi, utaitwa kutoka mbali.

Karatasi

Si lazima uwe na mochari yako. Kuna ngazi tatu, ya kwanza unapanga mazishi tu, yaani unaunganisha fundi wa jeneza, gari, tenti, programu na karatasi. Ya pili unakuwa na gari na majeneza yako. Ya tatu ndiyo mochari yenyewe, na hiyo inataka ardhi, maji, umeme wa uhakika na jenereta, mfumo wa maji taka uliokubaliwa, na idhini za afya ya umma na mazingira ambazo hazitoki kwa wiki moja. Anza ya kwanza, watu wa mjini wakujue kwa uaminifu, halafu panda.

Sajili jina la biashara kwa eCitizen, chukua permiti ya kaunti, na nenda wewe mwenyewe kwa afisa wa afya ya umma, mwambie unataka kufanya kazi hii sawasawa, atakuonyesha masharti. Usimtume broka.

Halafu kuna karatasi za familia, na hizi ndizo zinafanya mtu akukumbuke. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali inajaza fomu ya D1, kikitokea nyumbani ni naibu wa chifu na fomu ya D2, na kutoka hapo ndipo kibali cha kuzika kinatoka, ambacho lazima kiwe ndani ya gari mkibeba mwili, polisi wakisimamisha mnakitoa. Kama ni ajali, kujiua, kupigwa ama kifo chochote kisichoeleweka, polisi lazima wajue kwanza na postmotam ifanywe kabla ya dawa, juu ukishamjaza mtu fomalini vipimo vingi vya sumu vinaharibika na familia inapoteza ushahidi milele. Hili lishikilie hata kama mjomba fulani anakupigia simu akisema fanya haraka haraka tumalize. Ukiona mjomba wa aina hiyo, ndio ungoje zaidi.

Kuna pia bili ya hospitali. Mahakama Kuu yetu imeshasema zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali na haifai kushikwa kama dhamana ya deni, lakini familia nyingi hazijui na zinauza ng'ombe wa mwisho kwa hofu. Wewe wapeleke kwa afisa wa jamii wa hospitali, wakae, waandikiane vile deni litalipwa polepole, na kama kuna ubishi wapate wakili. Usiende kupiga kelele getini, nenda na karatasi.

Jeneza, gari, na barabara zetu

Tafuta fundi mmoja ama wawili mkae nao miaka, Kibuye wapo wa mbao wazuri. Fundi anataka kujua urefu na mabega, kwa hivyo pima mwili wewe mwenyewe, kisigino mpaka kichwa, kiwiko mpaka kiwiko mikono ikiwa imelala, uongeze inchi kadhaa juu dawa hufanya mwili uvimbe kidogo. Jeneza likifika usiangalie vanishi na satini, ligeuze. Angalia chini kama limeshikwa kwa skrubu ama kwa misumari mifupi, bonyeza na goti, na vishikio viwe na bolti iliyopita mpaka ndani, manake vijana sita wakiinua kwa kilima cha Maragoli hivyo vishikio ndivyo vinabeba kila kitu. Fungua na ufunge kile kidirisha cha kioo. Saiprasi nzuri iliyopigwa msasa inatosha mtu yeyote, na mimi nikiona mjane anaangalia lile la bei kali na mashemeji wamesimama nyuma yake namwita kando namwambia, mama, hili la pale litamsitiri vizuri kabisa, ile tofauti weka ya shule. Nimepoteza faida hapo mara nyingi na sijutii hata kidogo.

Gari sasa. Lifanyiwe inspekshen, bima iwe ya biashara, dereva awe mtu mzima asiyekunywa, na usafiri wa usiku uukatae kadiri unavyoweza. Ujue barabara kwa msimu. Mvua ya Aprili na Mei ikishika, Kano yote kuanzia Ahero kushuka ni maji na ule udongo mweusi unameza gari mpaka eksoli, kwa hivyo unapiga simu kijijini jana yake na unauliza mtu wa boda, usimuulize mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti atakuambia barabara iko sawa juu anataka mje. Ukipeleka mtu Mfangano ni boti, na jeneza la boti linafungwa kwa kamba na kuzungushiwa plastiki, hiyo plastiki na kamba tembea nazo. Kuenda Nyakach, Seme ndani, ama zile kona za Vihiga, beba koleo, mbao mbili na vijana wawili wenye nguvu.

Vile unakaa na familia

Hapa ndipo kazi iko, na hapa nitakaa.

Familia ikija ofisini usianze na katalogi. Toa maji ya kunywa, toa viti, salimia mkubwa wao kwanza, jaduong' kama ni Wajaluo, mzee, mama, halafu nyamaza. Wacha waongee. Baada ya hapo uliza maswali yako bila haraka: ni dini gani na kanisa gani, manake Wasabato hawaziki Jumamosi na huku kwetu karibu kila mtu mwingine anataka Jumamosi, na Legio Maria wana taratibu zao na ngoma zao na mavazi yao na lazima uwaachie nafasi. Uliza mwili utalala nyumbani usiku wa mwisho ama utatoka mochari asubuhi. Uliza kama marehemu alikuwa na nyumba kwa boma lake, juu kwa Wajaluo mwanamume mtu mzima asiye na nyumba mara nyingi wanamjengea kabla azikwe na hiyo ni siku mbili tatu za kazi ambazo lazima ziingie kwa ratiba. Kaburi liwe upande gani wa nyumba hilo ni la wazee, wewe usiingilie, uliza tu limeanza kuchimbwa lini.

Halafu swali gumu kuliko yote, uliza nani ana neno la mwisho, na uliza mbele ya wote. Kila mtu wa rika langu anakumbuka kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akitaka kumzika shamba lao karibu na Nairobi na ukoo wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga kule Siaya, mwili ukakaa miezi mitano mpaka Mei 1987 ukoo ukashinda na akazikwa Nyalgunga. Tangu hapo sheria na jamii zimesonga, lakini ugomvi bado upo, wake wawili, ukoo na mjane, watoto wa mjini na wa kijijini. Ukiona dalili usimpe upande wowote mwili kwa siri hata wakikupa pesa mara mbili. Waite wakae, lete pasta ama chifu, na wakishindwa waende mahakamani, wewe ulinde mwili na daftari lako. Mtu akijua hukununulika kwa msiba wa jirani, wa kwake atakuletea bila kuuliza bei.

Kwotesheni iandike kitu kimoja kimoja, dawa, siku za mochari, jeneza, gari na mafuta, tenti, viti, spika, programu, wachimbaji, na uisome kwa sauti kwa lugha ambayo nyanya aliyekaa pembeni anaelewa. Kama wanaongea Dholuo soma kwa Dholuo, kama ni Kiluhya tafuta mtu wa kutafsiri. Usiweke mstari unaoitwa mengineyo, hapo ndipo pesa ya wafiwa inapotelea. Na waambie ukweli kuhusu siku, kwamba kila siku mochari ni bili na kila usiku wa matanga ni sukari, kuni na ng'ombe. Raila Odinga alipofariki 15 Oktoba 2025 alizikwa Bondo siku nne baadaye, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema asikae, na huyo ni mtu ambaye dunia nzima ilitaka kuja. Mimi huwatajia hilo wale wanaosema lazima tungoje wiki tatu mtoto wa Dubai apate likizo, na wengi wanakubali tungoje moja.

Pesa ya msiba kabla ya msiba

Kuna mama mwingine Mmarekani mweusi unafaa kumjua, Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia. Yeye hakuwa mzikaji, lakini 1899 alichukua uongozi wa chama kinachoitwa Independent Order of St. Luke, ambacho kilianzishwa na mwanamke aitwaye Mary Prout huko Baltimore 1867, watu wanaweka kidogo kidogo ili mtu akiugua asaidiwe na akifa azikwe vizuri. Kilikuwa kimedhoofika sana. Akakiinua, akaanzisha gazeti, na 1903 akafungua benki, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata hati ya kuanzisha benki. Mamake alikuwa ametoka utumwani na akawa mfuaji nguo. Ukiangalia sana utaona benki nzima ilitoka kwa senti za kuzikana, na sisi tuna vyama kila mtaa kutoka Nyalenda mpaka Kondele.

Kwa hivyo wewe kama mtu wa mazishi saidia mtaa wako uwe na mfuko wa msiba, lakini ufanye kisheria. Sajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, iko sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii na inataka watu wasiopungua kumi. Wawe na katiba, akaunti ya benki, sahihi tatu, na mweka hazina asiwe wewe. Hilo la mwisho nalirudia: asiwe wewe, juu wewe ndiye unauza jeneza. Na usije ukaanza kukusanya pesa kila mwezi kwa jina la biashara yako ukiahidi kulipa mtu akifa, hiyo ni bima na bima inasimamiwa na IRA, ile mamlaka ya serikali ya bima, bila laiseni ni kosa. Kama unataka hiyo njia ongea na kampuni ya bima yenye mpango wa gharama za mwisho, uwe ajenti wao.

Mchango wa msiba wenyewe, ule wa WhatsApp, mshauri kamati itumie namba moja tu ya M-Pesa ya mtu anayeaminika ama akaunti ya kikundi, listi iwekwe kila jioni, na siku ya mwisho hesabu isomwe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na iliyobaki apewe mjane mbele ya mashahidi. Kuna kamati moja niliwahi kufanya nayo kazi ilikataa kusoma hesabu, wakasema ni aibu kuongea pesa kaburini, na mjane akabaki na deni la duka la unga la watu waliokuja kumlilia. Siku hizi hesabu kusomwa ni sharti langu la kuchukua kazi na naliweka kwa maandishi.

Siku yenyewe

Programu ishikwe na mtu mmoja mwenye saa. Wanasiasa watakuja, na kila mmoja atataka maiki, na wewe ukinyamaza mazishi yataisha saa kumi na moja jioni na kaburi bado wazi. Kubaliana na familia usiku wa kuamkia, kwamba ibada na kuzika kwanza, hotuba za siasa baada ya udongo, dakika mbili mbili, na anayetaka anawasalimia watu wakila. Nenda umwambie mheshimiwa mwenyewe kabla hajashuka kwa gari, kwa heshima kabisa, mheshimiwa karibu, familia imepanga hivi. Wengi wanakubali, juu hakuna anayetaka kuonekana akigombana na mama wa mazishi mbele ya kijiji.

Kufungua jeneza ama kutofungua ni uamuzi wa familia, hasa mama, na kazi yako ni kuulinda. Mwaka wa 1955 kijana wa miaka 14 wa Chicago, Emmett Till, aliuawa Mississippi na wazungu, na mwili ukarudishwa nyumbani kwa sanduku ambalo wakubwa wa kule walitaka lisifunguliwe. Mamake Mamie Till akasema lifunguliwe, na jeneza likae wazi, watu waone kile mwanawe alifanyiwa. Mwenye nyumba ya mazishi, A.A. Rayner, alikubaliana naye, maelfu wakapita, picha zikatoka kwa magazeti ya watu weusi na nchi ikatikisika. Sasa huku kwetu pia kuna vifo ambavyo mtu mkubwa angependa vifunikwe haraka. Mama akisema anataka mwanawe aonekane, wewe andaa mwili kwa heshima, weka viti kwa wazee wasianguke, muuguzi awe karibu, na ufungue.

Na mjane umtafutie mwanamke mmoja wa kukaa naye siku nzima, wa kumpelekea maji na kumlinda. Asiulizwe kitu cha mali siku hiyo, asiweke sahihi yoyote, na shemeji akija na karatasi mwambie baadaye.

Baada ya kuzika

Rudi. Wiki ya pili hivi, bila invoisi mkononi. Mwonyeshe vile anaomba cheti cha kifo kwa eCitizen, manake bila hicho benki, NSSF, sacco, hakuna mahali watamsikiza. Mwambie kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema mtu yeyote akiingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ametenda kosa, kwa hivyo ile pikipiki iliyochukuliwa siku ya mazishi na yale mabati yaliyobebwa ana haki ya kuyaulizia kwa chifu na kwa korti. Mambo ya mila kama kurithiwa ni yake kuamua, na akisema hapana awe na mtu wa kusimama naye. Hapa ndipo utajikuta umekuwa kiongozi bila kampeni, unaitwa kwa mabaraza, unaitwa wanawake wakigombania ploti, unaitwa shule ikitaka mtu wa bodi. Nenda. Huyo Duterte hakuwahi hata kupiga kura maisha yake yote, wanawake Marekani walipewa haki hiyo nchi nzima 1920, miaka 17 baada ya yeye kufa, na bado mtaa wake ulimtegemea.

Tenga kitu kila mwezi kwa wale hawana mtu. Hospitali za umma hutoa notisi kwa gazeti za miili ambayo haijachukuliwa, na kati yao kuna watu wa huku huku ambao familia hazina nauli. Ongea na makanisa, fundi wako atoe mbao zilizobaki, mzike hata wawili kwa mwaka, na majina yao yaandikwe kwa daftari sawa na ya wengine.

Na fundisha mtu. Duterte alikuwa na mpwa wake kwa kazi na ndiye aliyeachiwa biashara. Chagua msichana mmoja asiyeogopa na mwenye mdomo wa kutunza siri, mlipie kozi, muweke kwa sahihi za benki, mpe nakala ya funguo za ofisi, na mfanye aongoze kikao kimoja na familia ukiwa umekaa nyuma kimya, halafu kesho yake mpe kingine uende zako nyumbani.